Sikio Linalotoa Usaha, Pua Iliyoziba, Upasuaji na Utafiti Wake: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nimekaa miaka kadhaa kwenye meza ya utafiti ya kliniki ya masikio, pua na koo. Nusu ya kazi yangu ni uuguzi, nusu ni kusoma fomu za ridhaa kwa sauti mpaka mtu aelewe. Maswali yaliyo hapa ni yale yanayorudi kila siku ya kliniki, mengine huulizwa mlangoni mtu akiwa amekwishashika kitasa. Yasome kwa mpangilio au ruka hadi swali lako. Majibu yanapogusana nimekuwekea namba. Majibu haya hayawezi kuona ndani ya sikio lako. Hiyo ni kazi ya daktari na tochi yake.

## Sikio: ya kuanzia

1. Sikio la mwanangu linatoa usaha lakini halimuumi. Huo ni ugonjwa kweli?

Ni ugonjwa, na hilo lisilouma ndilo linalochelewesha watu wengi. Ndani ya sikio kuna ngoma, ngozi nyembamba yenye upana wa karibu sentimita moja na unene wa sehemu ya kumi ya milimita. Usaha ukijaa nyuma yake mtoto halali, analia usiku kucha. Ngoma ikipasuka, usaha unapata njia, maumivu yanakwisha, na nyumba nzima inashukuru. Mara nyingi tundu hilo hujiziba lenyewe ndani ya wiki chache.

Lisipojiziba, na usaha ukaendelea kutoka wiki mbili au zaidi, Shirika la Afya Duniani linauhesabu kuwa ni ugonjwa sugu. Hapo ndipo usikivu unapoanza kwenda. Nyuma ya ngoma kuna vifupa vitatu vinavyopokezana sauti: nyundo, fuawe na kikuku. Kikuku kina urefu wa milimita tatu hivi, na hakuna mfupa mdogo kuliko huo mwilini. Usaha wa miaka unaweza kuvila vifupa hivi. Mara chache unavuka mipaka: unaingia mfupa wa nyuma ya sikio, unashika mshipa wa fahamu wa uso mpaka mdomo unakwenda upande, au unafika kwenye ubongo.

2. Mbona likipona linarudi tena?

Kwa sababu tundu bado lipo. Maji ya kuoga au ya mtoni yanaingia na vijidudu vyake. Halafu kuna mlango wa pili ambao watu hawaujui: mrija mwembamba unaotoka nyuma ya pua hadi sikio la kati. Kwa mtoto mrija huo ni mfupi na umelala, kwa hiyo kila mafua ni safari fupi ya kamasi kwenda sikioni. Ndiyo maana ukimleta mtoto kwa sababu ya sikio, daktari atamchungulia na pua.

3. Nilisafishe vipi nyumbani?

Kwa utambi. Chukua kipande cha kitambaa safi cha pamba, au tishu imara isiyochanika ikilowa, ukisokote kama utambi wa kibatari, nchani kiwe chembamba. Vuta sikio taratibu ili njia inyooke, ingiza utambi, uache hapo unyonye. Ukilowa, utoe, uutupe, weka mwingine. Endelea mpaka utambi utoke mkavu. Fanya hivyo mara tatu kwa siku, na dawa ya kudondoshea ifuate baada ya kukausha, siyo kabla.

Usitumie kijiti cha kiberiti, pini ya nywele, wala vile vijiti vya pamba vya dukani; hivyo husukuma uchafu ndani. Wala usiache pamba sikioni kutwa nzima kama kizibo. Wakati wa kuoga tu, weka pamba iliyopakwa mafuta mazito ya kujipaka, kisha uitoe.

4. Mafuta ya moto, kitunguu saumu, maziwa ya mama?

Hapana kwa vyote. Penye tundu, unachomimina kinafika sikio la kati. Mafuta ya moto yanaunguza, mengine yanalisha vijidudu. Simlaumu bibi aliyeshauri. Zamani hakukuwa na kingine.

5. Vidonge au matone? Kila duka la dawa linanipa tofauti.

Swali hili lilipimwa hapa kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1996 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika shule za msingi 145 za wilaya ya Kiambu, Kenya. Watoto 524 wenye masikio yanayotoa usaha waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilikaushwa masikio tu. Kundi la pili lilikaushwa na kupewa antibaotiki za kumeza na za kudondoshea pamoja na matone ya steroidi ya kutuliza uvimbe. Kundi la tatu halikupewa tiba maalumu katika kipindi hicho. Baada ya wiki 16, masikio yalikuwa yamekauka kwa asilimia 51 ya kundi la pili. Waliokaushwa tu: asilimia 22. Wasiopewa kitu: asilimia 22 vilevile.

Rudia kusoma tarakimu hizo mbili za mwisho. Bila kundi la tatu tungesema kukausha peke yake kunaponya mtoto mmoja kati ya watano, na tungeridhika. Kumbe hao wangepona hata wakikaa nyumbani. Ukiambiwa dawa au upasuaji fulani "unafanya kazi", uliza kwanza: ukilinganisha na nini?

Basi kwa nini bado tunasisitiza utambi? Kwa sababu matone hayapiti kwenye usaha. Kukausha kunafungua njia, dawa ndiyo inayoponya. Utafiti wa Kiambu ulikuwa na pengo lake pia: kundi la pili lilipewa vitu vingi kwa pamoja, hivyo haukuweza kusema kipi ndicho kilichofanya kazi. Utafiti mwingine wa watoto wa shule nchini Kenya, uliochapishwa mwaka 2005, ulishindanisha aina mbili za matone tu: antibaotiki iitwayo siprofloksasini, na asidi ya boriki iliyochanganywa na alkoholi. Baada ya wiki mbili, asilimia 59 ya waliopewa siprofloksasini walikuwa wamekauka, dhidi ya asilimia 32 kwa asidi ya boriki. Kwa hiyo leo sikio sugu linaanza na matone ya jamii hiyo kwa wiki mbili. Vidonge peke yake mara nyingi ni pesa iliyopotea, kwa kuwa vijidudu vinavyokaa kwenye usaha wa muda mrefu havijali antibaotiki nyingi za kawaida za kumeza.

Tahadhari moja: matone yenye jentamaisini na ndugu zake yanaweza kudhuru mishipa ya kusikia yakipita kwenye tundu. Mwambie muuza dawa waziwazi kwamba ngoma imetoboka.

## Upasuaji wa sikio

6. Ni wakati gani dawa haitoshi tena?

Kuna hali mbili, na hazifanani kabisa.

Ya kwanza ni tundu lililokauka ambalo haliji kuziba. Hapo upasuaji ni wa hiari: tundu linazibwa ili maji yasiingie na usikivu uongezeke. Unaweza kungoja mwaka, unaweza kuamua kuishi nalo ukilinda sikio lako.

Ya pili ni kolesteatoma. Jina linatisha watu wakidhani ni saratani, siyo. Ni ngozi iliyoingia mahali isipopaswa kuwa, nyuma ya ngoma, ikawa inajikusanya kama kitunguu, tabaka juu ya tabaka, huku ikila mfupa ulio karibu. Dalili yake kubwa ni usaha kidogo wenye harufu mbaya usiosikia dawa. Hii haina matone. Inatolewa kwa upasuaji, mara nyingi kwa kuuchimba mfupa wa nyuma ya sikio, njia ambayo Schwartze na Eysell wa Ujerumani waliieleza tangu 1873. Mgonjwa wa kolesteatoma anayeniambia atasubiri mavuno kwanza huwa namrudisha chumbani kwa daktari siku ileile.

7. Hiyo ngoma mpya inatoka kwa nani?

Kwako mwenyewe. Hakuna mtu anayekuchangia. Juu kidogo ya sikio kuna msuli wa kutafunia, na msuli huo umefunikwa na utando mweupe. Daktari anachukua kipande kisichozidi stempu ya barua, anakitandaza juu ya kibao kidogo na kukiacha kikauke wakati akiandaa kingo za tundu. Kikikauka kinakuwa kama karatasi ngumu inayopitisha mwanga, ndipo anakikata kwa kipimo na kukiteleza chini ya ngoma iliyobaki. Mwili unakipandishia ngozi yake wenyewe. Wengine hutumia gegedu ya sikio, ambayo ni nene zaidi na huvumilia vizuri palipo na hatari ya kupasuka tena.

Darubini ya upasuaji ndiyo iliyofungua njia. Carl Olof Nylén wa Sweden aliitumia kwenye sikio mwaka 1921, na miaka ya 1950 Wajerumani Wullstein na Zöllner wakaupa upasuaji wa ngoma utaratibu unaofuatwa mpaka leo. Siku hizi wapo wanaopita kwenye tundu la sikio kwa kamera nyembamba, bila kukata nyuma ya sikio.

8. Uwezekano wa kufaulu ni kiasi gani?

Uliza maswali mawili, siyo moja. La kwanza: tundu litaziba? Kwa tundu dogo lililokauka, mikononi mwa mtu mzoefu, watu wanane hadi tisa kati ya kumi huzibika. La pili: nitasikia? Hilo linategemea vifupa vya swali la 1. Kama vimeliwa, kuziba ngoma hakutarudisha sauti. Itabidi kifupa kitengenezwe au kiwekwe cha bandia, na hapo matumaini yanapungua. Nimeona mtu akiondoka na ngoma safi kabisa lakini amekasirika, kwa sababu alilipia kusikia na hakuna aliyemwambia kwamba hayo ni mambo mawili.

9. Ni nusu kaputi au ganzi?

Mtoto atapewa nusu kaputi. Mtu mzima mwenye tundu la kawaida anaweza kufanyiwa kwa ganzi, akisikia kelele za vifaa bila maumivu. Kazi ya mfupa, nusu kaputi.

10. Baada ya upasuaji nijihadhari na nini?

Usipenge kamasi kwa nguvu. Kila ukipenga, hewa inapanda ule mrija wa swali la 2 na kuinua ngoma changa. Ukipiga chafya, fungua mdomo. Maji yasiingie mpaka daktari aseme. Usipande ndege wala kunyanyua ndoo kwa wiki kadhaa. Daktari wako atakupa idadi yake. Ndani ya sikio huwekwa sponji inayoyeyuka yenyewe, kwa hiyo kusikia hafifu wiki za mwanzo ni jambo la kutarajia.

Wengine hurudi wakisema chai haina ladha, au ulimi upande mmoja una ladha ya chuma. Uzi wa mshipa wa ladha hupita katikati ya sikio la kati, na huguswa wakati wa kazi. Kwa wengi hali hiyo hutulia ndani ya miezi. Lakini uso ukilegea upande mmoja, au kizunguzungu kikali kikianza, rudi hospitali siku hiyohiyo.

11. Daktari anasema atafungua tena baada ya mwaka. Alikosea mara ya kwanza?

Si lazima. Kwa kolesteatoma, chembe chache za ngozi zikibaki zinaota upya bila dalili. Ndiyo maana wengi hupanga kuchungulia tena, au kupiga picha ya MRI ya aina maalumu kama ipo. Kinachopaswa kukutia shaka ni daktari anayekuambia usirudi kabisa.

12. Mtoto haambukizwi, hana usaha, ila hasikii vizuri. Ameshauriwa vibomba.

Huenda ana maji mazito kama gundi nyuma ya ngoma isiyotoboka. Mwalimu analalamika kwamba hasikilizi, televisheni nyumbani inapandishwa sauti. Kwa watoto wengi maji hayo hukauka yenyewe, kwa hiyo kawaida ni kungoja miezi mitatu na kupima usikivu tena kabla ya kuamua. Yasipokauka na mtoto hasikii, kibomba kidogo huwekwa kwenye ngoma ili hewa ipite. Njia hiyo ilianza mwaka 1954. Kibomba hudondoka chenyewe, kwa kawaida baada ya miezi sita hadi mwaka.

Usichanganye na mtoto anayeugua sikio mara kwa mara kwa maumivu na homa. Kwa huyo, utafiti wa Marekani wa mwaka 2021 uliwagawa watoto 250 wa miezi 6 hadi 35: nusu vibomba, nusu antibaotiki kila wanapougua. Katika miaka miwili, waliowekewa vibomba waliugua wastani wa mara 1.48 kwa mwaka, wengine mara 1.56. Tofauti hiyo si ya kumpeleka mtoto theatre kwa haraka.

13. Mtoto amezaliwa hasikii kabisa. Kuna upasuaji?

Upo: kipandikizi cha koklea, kifaa kinachopeleka umeme moja kwa moja kwenye mshipa wa kusikia. Tanzania ulianza kufanyika Muhimbili mwaka 2017. Kabla ya hapo familia zilikuwa zikisafiri India. Mambo mawili wazazi huambiwa kwa kuchelewa. Umri ni kila kitu, kwa maana ubongo usiopata sauti miaka ya mwanzo hauji kuijua lugha kwa urahisi. Na gharama haiishii theatre: kuna betri, nyaya, kifaa cha nje kinachochakaa, na miaka ya mazoezi ya kusikia na kusema. Lugha ya alama isisubiri kipandikizi. Mtoto anahitaji lugha leo.

## Pua

14. Tumeambiwa mtoto ana "nyama za pua". Ni nini hasa?

Neno hili limeleta mkanganyiko mwingi kuliko ugonjwa wenyewe. Watu huita nyama za pua vitu vitatu. Kwa mtoto anayekoroma, anayelala mdomo wazi na mwenye kamasi zisizokatika, kwa kawaida ni tezi zilizo nyuma ya pua. Kila mtoto anazo, ila zake zimekuwa kubwa. Kwa kijana mwenye mzio, mara nyingi ni matuta ya ndani ya pua yaliyovimba. Hayo ni sehemu ya pua, wala hayang'olewi. Kwa mtu mzima aliyepoteza harufu, huenda ni polipu, vifuko laini vya kijivu kama zabibu zilizomenywa, vinavyoning'inia kutoka kwenye sainasi, yaani vyumba vya hewa vilivyo ndani ya mifupa ya uso.

Tiba za vitu hivi vitatu hazifanani. Ukiambiwa "nyama zitolewe", uliza ni zipi. Polipu kwa mtoto mdogo si kawaida na inahitaji kuchunguzwa chanzo chake. Na uvimbe wa upande mmoja tu unaotoa damu, kwa umri wowote, usipulizwe dawa bila kupimwa.

15. Nilitolewa polipu, zimerudi. Nilipasuliwa vibaya?

Polipu ni matokeo ya uvimbe wa utando wote wa pua. Kuzikata ni kama kufyeka magugu: shamba bado lipo. Upasuaji wa sasa wa kamera ulikuzwa na Messerklinger na Stammberger kule Graz, Austria, na kuenea duniani miaka ya 1980. Lengo lake ni kufungua milango ya sainasi ili hewa ipite na dawa ifike. Kwa hiyo dawa ya steroidi ya kupuliza na kusafisha pua kwa maji ya chumvi vinaendelea baada ya upasuaji, kwa miaka. Anayeacha vyote viwili kwa sababu "nimeshapasuliwa" ndiye tunayemwona tena mapema.

Mwaka 2019 yalitoka matokeo ya tafiti mbili zenye watu 724 kuhusu sindano ya dupilumabu, inayozima moja ya njia za uvimbe huo. Polipu zilinywea na harufu ikarudi kwa wengi, ukilinganisha na sindano isiyo na dawa. Lakini waliositisha baada ya wiki 24 walianza kurudi nyuma, na bei yake iko mbali na mifuko ya wengi wetu.

16. Ukuta wa kati wa pua yangu umepinda. Nifanyiwe upasuaji?

Watu wengi wana ukuta uliopinda na hawajui. Swali ni kama unakuziba. Kwa wanaozibwa kweli, utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2023 uliwachukua watu wazima 378; baada ya miezi sita, waliofanyiwa upasuaji walikuwa na nafuu kubwa wazi kuliko waliotumia dawa ya kupuliza na maji ya chumvi. Huu ni mfano wa upasuaji uliodharauliwa kwa miaka, ukapimwa, ukashinda.

17. Damu za pua: niinamishe kichwa nyuma?

Mbele. Ukiinamisha nyuma unaimeza, kisha unaitapika na kila mtu anashtuka. Kaa, inama mbele, bana sehemu laini ya pua (siyo mfupa wa juu) kwa dakika kumi na tano ukitazama saa, bila kuachia kuchungulia. Damu nyingi hutoka sehemu ya mbele ya ukuta wa kati, hivyo kubana kunafika.

Kuna dawa ya kugandisha damu, asidi ya traneksamiki, iliyosaidia sana wanawake wanaotoka damu baada ya kujifungua. Ilipopimwa kwa kulowesha pamba puani kwa wagonjwa 496 Uingereza, na matokeo kutolewa 2021, haikushinda plasebo, yaani kitu kinachofanana na dawa ila hakina dawa.

18. Kila mafua sainasi zinauma. Nipate antibaotiki?

Mara nyingi ni virusi. Subiri siku kumi, safisha pua, tuliza maumivu. Jicho likivimba, au homa kali na kichwa kisichovumilika, usisubiri.

## Kuingia kwenye utafiti

19. Sista, mnataka kunifanya panya wa maabara?

Naulizwa hivi hivi, na sijawahi kuchukia. Utafiti kwa binadamu hauanzi kwa matakwa ya daktari mmoja. Tanzania lazima upite kwenye kamati ya maadili, na ya kitaifa iko chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Jaribio la dawa linahitaji pia kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Kenya kuna kamati za maadili na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia. Barua ya kibali ina namba na tarehe. Omba uione. Mtafiti asiyekuonyesha hajastahili sikio lako.

Kisha unasomewa fomu kwa Kiswahili: tutafanya nini, mara ngapi utarudi, nini kinaweza kuharibika, nani atalipia kikiharibika. Kwa asiyesoma, kuna shahidi asiyehusika na utafiti, anakaa pale mwanzo hadi mwisho, ndipo dole gumba linawekwa. Huwa sikubali shahidi awe mlinzi aliyeitwa mwishoni kutia sahihi tu.

20. Kwa nini siwezi kuchagua kundi?

Kwa sababu watu wakichagua, wenye hali nzuri na pesa huenda upande mmoja, na mwisho hatujui kilichoponya ni dawa au ni hali yao. Bahati nasibu inawachanganya wote. Huruhusiwi kuwekwa kwenye kundi ambalo tayari inajulikana kwamba litakudhuru. Bahati nasibu ni halali pale tu madaktari wenyewe hawajui kipi ni bora. Ukitaka kuona thamani yake, rudi swali la 5.

21. Nikitoka katikati?

Unatoka. Huhitaji kutoa sababu, na matibabu yako ya kawaida hayaguswi. Sema tu mapema, hasa kama umewekewa kitu sikioni kinachopaswa kutolewa.

22. Mtoto anasainiwa na nani?

Mzazi au mlezi halali. Shangazi aliyemleta kliniki kwa sababu mama yuko sokoni hatoshi, hata akiwa ndiye anayemlea mchana. Tutampigia mama au tutapanga siku nyingine. Mtoto aliyeanza kuelewa anaulizwa naye. Akikataa kwa kichwa, tunaacha.

23. Nasikia kuna upasuaji wa bandia kwenye utafiti. Kweli?

Ni nadra, lakini upo. Wagonjwa wa Ménière, ugonjwa wa sikio la ndani, hupata kizunguzungu kikali na uziwi unaokuja na kuondoka. Miaka mingi walitobolewa kifuko cha maji cha sikio la ndani, na wengi walisema wamepona. Mwaka 1981 madaktari wa Denmark walichapisha matokeo ya wagonjwa 30: nusu walifanyiwa upasuaji kamili, nusu walichimbwa mfupa wa nyuma ya sikio tu bila kifuko kuguswa, na hakuna mgonjwa aliyejua yuko kundi gani. Makundi yote mawili yalipata nafuu karibu sawa.

Wapo wataalamu waliopinga hesabu zake baadaye, na mabishano hayajafa. Kwangu mimi lililo zito ni kwamba wagonjwa walioridhika kabisa walikuwapo pande zote mbili. Leo kamati za maadili hubana sana utafiti wa namna hii, na lazima uambiwe kabla ya kusaini kwamba upo uwezekano huo.

## Hali zisizo za kawaida

24. Sikio linalohitaji upasuaji ndilo pekee linalosikia.

Hapo hesabu inabadilika. Kila upasuaji wa sikio una hatari ndogo ya kuua usikivu kabisa, na wewe huna la akiba. Kwa tundu la kawaida wengi watashauri kifaa cha kusikia na kulilinda na maji. Kolesteatoma, hata hivyo, bado itatolewa, kwa sababu kuiacha kutaliua sikio hilo kwa uhakika zaidi. Tafuta maoni ya daktari wa pili, mzuri hatakasirika.

25. Nimeamka sikio moja halisikii, hakuna usaha wala maumivu.

Ni dharura. Ikiwa njia ya sikio haina nta na ngoma ni nzima, huenda mshipa wa kusikia umepata shida, na steroidi huanzishwa mapema, ndani ya siku chache. Wanaokuja baada ya mwezi wa kutumia matone ya nta tunawapima tu. Utafiti wa Marekani wa 2011 kwa watu 250 ulionyesha sindano ya steroidi kupitia ngoma haikuwa duni kuliko vidonge. Hilo ni la maana kwa mwenye kisukari, ambaye vidonge hupandisha sukari yake.

26. Nasikia uziwi wa kurithi sasa unatibiwa kwa jeni.

Aina moja, ndiyo, inayotokana na hitilafu ya jeni iitwayo OTOF. Mapema 2024 watafiti wa Shanghai walieleza watoto sita waliochomwa jeni salama katika sikio la ndani. Watano walianza kusikia. Ni aina adimu ya uziwi. Haihusu uziwi wa homa ya uti wa mgongo, wala wa sindano za kifua kikuu za zamani, ambao ndio tunaouona sana.

27. Kitu kimeingia: mdudu sikioni, maharage au betri puani.

Mdudu aliye hai: kama unajua ngoma ni nzima, dondosha mafuta ya kula yasiyo ya moto ili afe, kisha nenda atolewe. Maharage: usimwagie maji, yatavimba.

Betri ndogo ya mviringo, ile ya saa au mwanasesere, ni habari nyingine. Inaanza kuunguza nyama ndani ya saa chache na inaweza kutoboa ukuta wa pua moja kwa moja. Usidondoshe chochote, usijaribu kuichokoa, usingoje kupambazuke. Mbebe mtoto uende usiku huohuo, na ukifika mapokezi sema neno "betri" kabla ya jina lake.